Mwanasayansi Kijana Asiachwe Bila Mlezi

Kila mwaka, matokeo ya mwisho ya shahada ya kwanza yanapotangazwa katika vyuo vikuu vya Tanzania, katika kila idara ya sayansi huwako vijana wachache ambao majina yao hutajwa kwa namna ya pekee. Hao ni wale waliofikisha wastani wa alama 3.8 kati ya 5, kiwango ambacho aliye chini yake hafikiriwi kwa kazi ya ukufunzi msaidizi. Baadhi yao huajiriwa na kubakia chuoni. Hupewa meza, mara nyingine nusu ya meza. Hupewa makundi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza na lundo la karatasi za kusahihisha. Kisha huambiwa kwamba wameanza safari ya kuwa wahadhiri na watafiti. Ni heshima kubwa, na wazazi wao huko vijijini wana haki ya kujivunia. Lakini liko swali ambalo wakuu wa vyuo, maofisa wa utumishi na wizara inayohusika hawana budi kulijibu: baada ya siku hiyo ya kwanza, ni nani hasa anayemlea kijana huyo?

Swali hili si la huruma. Tangu kijana apate shahada ya kwanza mpaka aweze kusimama peke yake, yaani aweze kubuni utafiti, kuutafutia fedha, kuufanya, kuuchapisha na kuwafundisha wengine namna ya kufanya hivyo, aghalabu hupita miaka kumi au zaidi. Miwili au mitatu ni ya shahada ya uzamili, mitatu au minne ni ya uzamivu, na iliyobaki ni ile ambayo hakuna anayeihesabu: miaka ya kungoja udhamini, kungoja ruhusa ya masomo, kungoja kemikali, na ile ya mwanzo baada ya uzamivu ambapo mtu ana cheo cha Mhadhiri lakini hana pa kufanyia kazi wala senti ya kuanzia. Taifa limekwisha kumgharamia mtu huyo tangu darasa la kwanza. Kumwacha abahatishe katika kipindi hicho ni sawa na mkulima aliyelima, akapanda na kupalilia, halafu akaliacha shamba kwa ngedere mahindi yanapoanza kubeba.

Wahenga walisema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Ufundi hauingii kwa kusimuliwa. Huingia kwa kukaa karibu na moto wakati fundi mwenyewe anafua chuma. Sayansi nayo ni hivyo hivyo. Vitabu hueleza yale yaliyokwisha kupatikana, lakini haviwezi kumwonyesha kijana namna ya kutambua kwamba kipimo kimedanganya, wala lini aliache jaribio lisilozaa, wala namna ya kumjibu mhariri wa jarida aliyemrudishia makala kwa maneno makali. Justus Liebig alipofika katika mji mdogo wa Giessen, nchini Ujerumani, mwaka 1824, alikuwa na umri wa miaka 21 na chuo chake hakikuwa na sifa yoyote ya kutisha. Alichofanya ni kuwaingiza wanafunzi maabara, kumpa kila mmoja tatizo lake la kulichunguza, na kukaa nao humo. Mji huo ukageuka mahali pa kwenda kwa kila aliyetaka kuwa mkemia Ulaya, na August Kekulé alikuwa mmoja wa waliopitia huko. Viwanda vya kemikali vilivyoipatia Ujerumani nguvu baadaye vilisimama juu ya mabega ya watu waliofundwa kwa mtindo huo. Majengo yalikuja nyuma ya watu.

Tanzania inao mfano wake, na ni mfano ambao kila mwalimu wa sayansi nchini angefaa kuujua kinaganaga. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Akihofia kukosa nafasi katika jokofu, aliingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingizwa bila kuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa mjini Iringa, aliuliza tena, na mwalimu mwingine akamwambia kwa kejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Ndipo Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo cha Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo. Kijana akauliza mara ya tatu, mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akamwagiza fundi wa maabara alifanye jaribio hilo, na mwaka 1969 makala yenye majina ya wote wawili, mwanafunzi na mhadhiri, ilichapishwa katika jarida la ualimu wa fizikia nchini Uingereza. Wanasayansi wangali wanabishana juu ya jambo lenyewe hadi leo, na dunia nzima hulitaja kwa jina la Mpemba.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kwa kumsifu kijana, na anastahili. Yafaa pia itazamwe kwa upande wa pili. Tofauti kati ya wale walimu wawili na Osborne haikuwa ya shahada peke yake. Osborne alikuwa mtu aliyezoea kwamba swali ambalo jibu lake halijulikani hupelekwa kwenye jaribio; walimu wale walikuwa wamefundishwa kwamba swali la namna hiyo ni utovu wa nidhamu. Walikuwa wamefundishwa hivyo na nani? Na wakufunzi ambao wao wenyewe hawakuwahi kutafiti kitu. Hapo ndipo kazi ya kumlea mwanasayansi wa chuo kikuu inapomgusa moja kwa moja mwalimu wa sekondari kule Nachingwea au Kasulu. Mhadhiri anayetafiti humzaa mwalimu anayeruhusu maswali. Mhadhiri anayesoma madaftari yake ya miaka ishirini iliyopita humzaa mwalimu wa kukaririsha. Na yafaa kuongeza kwamba Mpemba, baada ya yote hayo, alikwenda Chuo cha Wanyamapori Mweka na kuitumikia nchi katika idara hiyo. Ni kazi njema kabisa. Hata hivyo fizikia ilibaki na jina lake. Yeye mwenyewe haikumpata.

Hali ya leo ina historia yake. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961, sehemu kubwa ya wahadhiri walikuwa wageni. Kwa juhudi kubwa, wahitimu bora walibakizwa idarani, wakapelekwa ng'ambo kusoma, wakarudi. Mpaka miaka ya 1980 walikuwa wamekwisha kushika idara nyingi mikononi mwao, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilipoanzishwa Morogoro mwaka 1984 kilikuwa na wenyeji wa kukiongoza. Kisha ukaja mkazo wa masharti ya mashirika ya fedha ya kimataifa. Katika miaka ya 1990 ajira serikalini zilibanwa, na vyuo navyo vikabanwa. Wazee waliendelea kufundisha, lakini nyuma yao hawakuingizwa vijana wa kutosha. Katika idara nyingi likabaki pengo la umri: wako maprofesa wenye mvi na wako vijana, kizazi cha kati, kile ambacho kwa kawaida ndicho humshika kijana mkono kila siku, ni kichache mno.

Pengo hilo lilikuwa bado halijazibwa pale vyuo vilipopanuliwa. Mwaka 2005 vilifunguliwa vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Dar es Salaam na Mkwawa, hiki cha pili kikiwa pale pale Mpemba alipochekwa. Mwaka 2007 kikaja Chuo Kikuu cha Dodoma. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, iliyojengwa kwa ajili ya masomo ya juu ya sayansi, ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011, na mwaka uliofuata Mbeya ikapata Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Upanuzi huu ulikuwa wa lazima, na anayeubeza amesahau kwamba mwaka 1961 nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wa chuo wasiojaza basi moja. Lakini kila chuo kipya kilihitaji wahadhiri, nao hawakuwako sokoni. Vijana waliotakiwa kulelewa wakafanywa walezi.

Serikali imeliona jambo hili. Sheria sasa inawaruhusu maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa kuendelea na kazi hadi umri wa miaka 65, wakati watumishi wengine hukoma katika miaka 60. Mradi mkubwa wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, unaogharamiwa kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia uliopitishwa mwaka 2021, unajenga maabara na kuwasomesha wahadhiri shahada za uzamili na uzamivu. Kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 wanafunzi wanaofaulu sana masomo ya sayansi katika kidato cha sita wanapata ufadhili wa masomo uitwao Samia, na wizara imeanzisha tuzo ya fedha kwa watafiti wanaochapisha katika majarida yenye hadhi ya kimataifa. Haya yote ni mazuri. Ukiyatazama kwa makini, hata hivyo, utaona kwamba ufadhili uko mlangoni na tuzo iko kileleni. Katikati, penye mlima wenyewe, msafiri huachiwa mguu wake.

Miaka hiyo mitano ya nyongeza ya maprofesa, mathalani, ilitolewa ili nini? Kama ilitolewa ili mzee aendelee kufundisha vipindi vile vile mpaka sauti imkauke, basi pengo limesogezwa mbele tu. Ilikuwa na maana iwapo kila mzee aliyebakia angekabidhiwa vijana wawili au watatu kwa majina, akatakiwa kuwasimamia mpaka wachapishe, na kazi hiyo ikahesabiwa kuwa ndiyo kazi yake kuu. Katika vyuo vingi malezi ya namna hiyo yangali ni hisani. Mhadhiri hupandishwa cheo zaidi kwa machapisho yake. Saa alizotumia kumrekebishia kijana jedwali la takwimu au kumwonyesha namna ya kuandika ombi la ruzuku haziandikwi popote. Wako wazee waungwana wanaofanya kazi hiyo bila kulipwa wala kutajwa, na idara zao huonekana tofauti hata kwa mgeni anayepita ukumbini. Lakini taifa haliwezi kuendesha elimu ya juu kwa kutegemea uungwana wa watu wachache.

Liko jambo la ualimu wenyewe, ambalo walimu wanaosoma gazeti hili watalielewa upesi. Mwalimu wa shule ya msingi haingii darasani bila cheti cha ualimu. Amefundishwa saikolojia ya mtoto, ameandaa maazimio ya kazi, amekaguliwa katika mazoezi ya kufundisha, akasahihishwa mpaka namna ya kusimama ubaoni. Mkufunzi msaidizi wa chuo kikuu, ambaye huenda akasimama mbele ya vijana mia tatu, mara nyingi huanza kazi kwa sababu moja tu, kwamba mwaka jana alifaulu mtihani wa somo hilo hilo. Kufaulu si kufundisha. Baadhi ya vyuo huendesha mafunzo mafupi ya ufundishaji kwa wahadhiri wapya, na hilo ni la kupongezwa, lakini wiki moja ya semina haiwezi kulinganishwa na miaka miwili ya chuo cha ualimu. Hakuna aibu yoyote kwa daktari wa fizikia kukaguliwa akiwa darasani na mwenzake mzoefu. Aibu ni ya wanafunzi kukimbia fizikia kwa sababu aliyekuwa akiifundisha alikuwa akizungumza na ubao.

Na kijana huyu anafanya utafiti saa ngapi? Hufundisha mchana kutwa, husahihisha usiku, hukaa katika kamati kwa sababu ni mdogo kuliko wote na hawezi kukataa, hutumwa kusimamia mafunzo ya wanafunzi mikoani. Tasnifu yake hubaki kwenye kompyuta ikingoja likizo. Aliyejiandikisha kusoma huku akiendelea na kazi hujikuta mwaka wa sita akiandika barua ya kuomba muda wa nyongeza. Kwa wanawake mzigo ni mara mbili, maana miaka ya uzamivu ndiyo hiyo hiyo ya kuzaa na kulea, na kalenda za ruzuku nyingi hazijui likizo ya uzazi. Kila binti anayeacha njiani katika hatua hii ni yule yule ambaye taifa lilimpigania asiolewe akiwa kidato cha pili.

Wako watakaosema kwamba malalamiko haya ni ya wasomi wanaotaka kudekezwa wakati zahanati hazina dawa na shule hazina madawati. Hoja hiyo ina uzito katika nchi ya wakulima, na haifai kupuuzwa. Jibu lake limo katika maji ya Unguja.

Zamani wavuvi na wakazi wa pwani walikuwa wakiokota mwani uliotupwa na mawimbi na kuwauzia wafanyabiashara. Hakuna aliyeulima. Katika miaka ya 1970 kijana aliyetoka upareni, Keto Mshigeni, alikwenda Chuo Kikuu cha Hawaii kusomea mimea ya baharini, akarudi Dar es Salaam kufundisha botania. Alitembea ufukweni, akachunguza aina za mwani zilizoko, zinavyomea na mahali zinapoweza kupandwa, na akaandika na kusema kwa miaka mingi kwamba zao hili linalimika. Wengi waliona ni ndoto ya msomi. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, kwa vigingi na kamba katika maji ya kupwa. Mwani ukawa miongoni mwa bidhaa kubwa ambazo Zanzibar huuza nje, na wakulima wake walio wengi ni wanawake ambao kabla ya hapo hawakuwa na fedha iliyo mikononi mwao wenyewe. Wengi wamesomesha watoto na kujenga nyumba kwa kamba hizo.

Habari haikuishia hapo. Bahari ilipozidi joto, ile aina yenye bei nzuri, iitwayo kotonii, ilianza kuugua na kufa katika maji ya kina kifupi. Nani wa kulishughulikia? Hakikuwa kitu cha kuagiza dukani. Dakta Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lakini makao yake ni Unguja, aliingia majini pamoja na wakulima, wakajaribu kupanda katika nyavu za mirija kwenye kina kirefu zaidi, na akawafundisha akina mama kusaga mwani na kutengeneza sabuni badala ya kuuza majani makavu kwa bei ya kutupa. Kutoka masomo ya Mshigeni hadi shamba la kwanza la biashara ilipita miaka kama 15. Kutoka hapo hadi mbinu za kukabiliana na joto la bahari ikapita mingine mingi. Ni mnyororo wa watu. Laiti pete moja ingekatika, mathalani mtafiti mmoja kijana angekata tamaa na kwenda kutafuta kazi katika shirika la misaada, wakulima wa Paje na Jambiani wangebaki wakishangaa mimea yao ikioza. Huo ndio mzani wa kupimia kama malezi ya wanasayansi ni anasa.

Lakini ni nani amekuwa akilipa gharama ya malezi haya? Ukweli hauna budi kusemwa: kwa sehemu kubwa ni wageni. Wasweden, tangu miaka ya 1970, waligharamia utafiti na masomo ya uzamivu kwa utaratibu wa busara sana, ambapo kijana husoma kwa zamu, miezi kadhaa Sweden na miezi kadhaa nyumbani, akiwa na msimamizi huku na msimamizi kule, bila kung'olewa katika idara yake. Kituo cha Ifakara, kilichoanza kama maabara ndogo ya Waswisi katika miaka ya 1950, kimelea watafiti wa malaria wanaoheshimika duniani, na tawi lake la Bagamoyo lilishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwezi Oktoba 2021. Misaada hiyo haikuwa bure bila faida. Hata hivyo anayelipa mpiga zumari ndiye huchagua wimbo, na mara nyingi kijana wa Kitanzania hujikuta akitafiti swali lililotungwa mbali, na jina lake likiandikwa katikati ya orodha ndefu ya majina. Kisha mwaka 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake na kulifunga shirika lake la USAID. Miradi ya utafiti wa afya katika nchi nyingi za Afrika ikasimama katika muda wa majuma. Watafiti vijana waliokuwa na mikataba ya mwaka mmoja mmoja ndio waliotangulia kwenda nyumbani.

Afrika Mashariki ilikwisha kuonyesha njia nyingine. Thomas Odhiambo, Mkenya aliyesoma Makerere na Cambridge, alianzisha Nairobi mwaka 1970 kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, akiwa na imani kwamba Mwafrika anaweza kufanya sayansi ya hali ya juu katika ardhi yake. Mwaka 1983 kituo hicho kilianzisha mpango wa kusomesha shahada ya uzamivu kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya Afrika: chuo humwandikisha mwanafunzi na kumtunuku shahada, kituo humpa maabara, kemikali, vitabu na msimamizi wa kila siku. Hakuna chuo kilicholazimika kununua kila chombo. Mamia ya wanasayansi kutoka pande zote za bara wamepitia huko na wengi wao wanafundisha barani humu humu. Tanzania inazo taasisi za utafiti wa kilimo, wa magonjwa ya binadamu, wa wanyamapori na wa uvuvi, kila moja ikiwa na vituo, mashamba na vyombo. Inavyo vyuo vikuu vyenye wanafunzi wasio na vyombo. Kinachokosekana katikati yao ni mkataba wa maandishi unaomfanya mtafiti wa kituo kuwa msimamizi anayetambuliwa na chuo, na mkufunzi wa chuo kuwa na haki ya kufanya kazi kituoni. Hilo haligharimu dola hata moja. Linagharimu mikutano miwili au mitatu na utayari wa wakuu wa pande zote mbili kutoogopa kupunguziwa himaya.

Mambo mengine yanahitaji fedha, ingawa si nyingi. Umoja wa Afrika umezitaka nchi wanachama zitenge walau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nchi nyingi bado ziko mbali na lengo hilo. Wakati safari hiyo ndefu ikiendelea, Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia ulio chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia ungeweza kutenga fungu dogo lisiloguswa kwa ajili ya wale tu waliomaliza uzamivu katika miaka mitano iliyopita. Daktari mpya wa kemia hashindani kwa haki na profesa mwenye machapisho mia. Fedha za kununulia kemikali, kukodi boti ya kwendea sampuli, na kumlipa kijana mmoja wa uzamili zinamtosha kuonyesha anachoweza. Asiyeonyesha chochote baada ya miaka mitatu asipewe tena.

Watumishi wa ofisi nao wana sehemu yao, na ni kubwa kuliko wanavyodhani. Ombi la kibali cha kumwajiri mkufunzi likikaa mezani mwaka mzima, kijana mwenye alama za juu hangoji. Benki humchukua, naye hugeuka mhesabu fedha mwenye shahada ya fizikia. Ruhusa ya masomo ikicheleweshwa miezi miwili, nafasi ya ufadhili hupotea, maana chuo cha ng'ambo hakijui habari za jalada lililosafiri kutoka chumba namba 12 hadi chumba namba 14. Kemikali inayohitaji ubaridi ikikwama bandarini kwa sababu fomu moja haikugongwa mhuri, hufika maabara ikiwa takataka ya bei ghali. Ofisa aliyeikwamisha hatajua kamwe kwamba ameua miezi minane ya kazi ya mtu. Taratibu za manunuzi ziliwekwa ili kuzuia wizi, na lazima zifuatwe; lakini chupa ya kimeng'enya siyo gari la mkurugenzi, na hakuna sababu vyote viwili vipite katika mlango mmoja kwa mwendo mmoja.

Kwa wakuu wa vyuo kuna jambo moja ambalo halingoji bajeti wala sheria. Mkufunzi msaidizi apunguziwe vipindi katika mwaka wake wa kwanza, na jina la mlezi wake liandikwe katika barua ile ile ya ajira, ili mwisho wa mwaka wote wawili waitwe na kuulizwa wamefikia wapi. Mlezi aliyefanya kazi yake apate alama za kupandia cheo. Asiyeifanya asipewe kijana mwingine.

Vijana wanaoajiriwa idarani mwaka huu wakiwa na umri wa miaka 24 au 25, iwapo hawatakwama popote, watakuwa tayari kusimamia tasnifu za wengine katikati ya miaka ya 2030. Maprofesa waliovuka miaka 60, hata kwa nyongeza ile ya sheria, watakuwa wamekwisha kuondoka ofisini kabla ya hapo. Muda ambao makundi hayo mawili yatakuwa pamoja katika jengo moja hauzidi miaka mitano, na umekwisha kuanza kuhesabika.